Vijiti Viwili kwa Nguzo za Tongoni

Kilomita kama 20 kusini mwa mji wa Tanga, jirani na barabara ya Pangani, yapo magofu ya Tongoni: msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi zaidi ya 40, baadhi yake yakiwa ya nguzo. Mafundi wa zamani waliacha vishimo vya mviringo kwenye nguzo hizo na kupachika humo bakuli za kauri zilizoletwa kwa njia ya bahari. Bakuli zimekwisha kung'olewa, nguzo nyingi zimeanguka, na vishimo vilivyosalia juu ya kimo cha mtu vinahitaji kupigwa picha kabla mvua na chumvi hazijavimaliza.

Ngazi haiegemezwi kwenye chokaa iliyokwisha kupasuka. Droni nayo inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na si busara kuirusha karibu na mawe dhaifu namna hii. Njia iliyo bora, ukishapata ruhusa ya wasimamizi wa Mambo ya Kale, ni kamera iliyofungwa juu ya mlingoti mrefu, ikashikwa na gimbali na kuongozwa kutoka chini kwa rimoti ya redio yenye vijiti viwili.

Gimbali ni fremu yenye mota tatu na kihisi kinachotambua kila mzunguko wa kamera. Mlingoti ukiinama kushoto, mota huirudisha kamera kulia mara moja. Wazo lenyewe ni la kale: dira ya melini huninginizwa ndani ya pete ili ibaki sawa chombo kinapoyumba.

Kazi huanza umeme ukiwa umezimwa. Kamera hufungwa ikiwa na lenzi yake, betri yake na kadi yake, kisha husogezwa kidogo kidogo mpaka ikae popote inapoachwa bila kuanguka. Wengi huruka hatua hii kwa sababu mota zina nguvu ya kuficha kosa. Baadaye mota hupata moto, betri huisha mapema na picha hutetemeka, na fundi anahangaika na menyu za rimoti ilhali tatizo liko kwenye uzito.

Baada ya kuoanisha rimoti na risiva ya gimbali, kila mwelekeo wa kijiti hupewa chaneli yake. Thamani ya chaneli kwa kawaida huenda kuanzia mikrosekunde 1000 hadi 2000, na kijiti kikiwa katikati husomeka 1500. Kikisomeka 1520, kamera itajisogeza polepole bila kuguswa. Dawa yake ni kurudisha vitufe vya marekebisho kwenye sifuri, kusawazisha vijiti upya, kisha kuacha nafasi ndogo katikati ambayo gimbali haiitikii.

Hapa pana mtego. Rimoti nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya ndege, na kijiti cha kushoto hakirudi chenyewe kinaposukumwa mbele au nyuma, kwa kuwa ndicho cha kuongeza moto wa injini. Gimbali ikiwa katika hali ya kasi, yaani kijiti kinaamua mwendo wa kugeuka, kijiti hicho kitaifanya kamera igeuke bila kikomo. Kwa hiyo kugeuza na kuinamisha kamera kupewe kijiti cha kulia, chenye springi pande zote. Cha kushoto kipewe kazi ya kupunguza au kuongeza kasi, maana hapo kubaki kilipoachwa ni faida. Mwelekeo wa kulaza kamera ubavu ufungwe kabisa.

Kasi ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko yote. Kamera ikiwa mita 2 kutoka kwenye nguzo, kugeuka nyuzi 10 kwa sekunde kunapitisha sentimita 35 za jiwe mbele ya lenzi kila sekunde, na kishimo kitapita kabla jicho halijatulia juu yake. Nyuzi 3 kwa sekunde hupitisha sentimita 10 tu. Rimoti nzuri pia huruhusu mwitikio usiolingana: karibu na katikati kidole kinasukuma sana na kamera inasogea kidogo, ukingoni inaharakisha. Kwa magofu, mpangilio huo hauna mbadala.

Redio yenyewe hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi, na wimbi lake lina urefu wa sentimita 12.5 hivi. Maji huyanyonya mawimbi haya, hivyo majani mabichi na hata mwili wa msaidizi aliyesimama katikati hupunguza nguvu. Antena mbili za risiva zitazame pande tofauti kwa pembe mraba, mbali na bomba la alumini la mlingoti.

Mawimbi yakikatika, risiva hufanya kile ilichoagizwa. Risiva nyingine hushikilia amri ya mwisho, na katika hali ya kasi amri hiyo ni "endelea kugeuka". Iagizwe irudi 1500 kwenye chaneli za mwendo, kisha ijaribiwe chini, mbali na kaburi lolote: sukuma kijiti, zima rimoti, tazama kama kamera inasimama.

Kuna jambo ambalo hakuna mpangilio utakaolitibu. Gimbali husahihisha mzunguko, haisahihishi kusogezwa. Upepo wa kusi ukiusukuma mlingoti sentimita 20 upande, kamera itabaki imelala sawa lakini nayo imehama sentimita hizo hizo. Kamba tatu zilizofungwa kwenye mambo ardhini, nje ya eneo la makaburi, husaidia, na asubuhi kabla upepo haujapata nguvu husaidia zaidi.