Upasuaji wa Kukaza Tumbo (2): Nani Atakuchotea Maji?

Wiki iliyopita tulieleza upasuaji wenyewe. Daktari hupasua kutoka nyonga hadi nyonga, juu kidogo ya kinena, akaibandua ngozi ya tumbo mpaka karibu na mbavu, akaishona pamoja misuli iliyoachana wakati wa mimba, kisha akakata ngozi iliyozidi na kukitengenezea kitovu tundu jipya. Kazi hiyo huchukua saa mbili hadi nne hivi, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi. Leo tuangalie wiki zinazotangulia saa hizo na wiki zinazozifuata, maana madhara mengi huanzia huko, na mengi yanazuilika.

Anayefikiria upasuaji huu huuliza bei kwanza. Mimi ningependa aanze kujiuliza: nani atanichotea maji? Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kwa muda wa wiki sita hivi mgonjwa haruhusiwi kunyanyua kitu kinachozidi kilo nne au tano, na mtoto wa mwaka mmoja ameshaupita uzito huo. Nyuzi zilizoshikilia misuli zinaweza kukatika kwa kuinama mara moja kunyanyua sufuria la ugali, na misuli ikarudi kuachana ndani huku ngozi ya nje ikionekana nzuri tu.

Swali hilo ni gumu kwa sababu wengi hulifanya jambo hili kwa siri. Siwalaumu. Mwanamke mwenye tumbo huambiwa ana nyama uzembe, na akienda kulikaza huambiwa anashindana na Mungu. Basi huaga kazini kwamba anakwenda kumuuguza shangazi, akalazwa, akarudi nyumbani baada ya siku moja au mbili kwenye nyumba isiyojua lolote. Hapo ndipo hatari ilipo. Mume asiyejua anadai chakula, mtoto asiyejua anarukia mapajani, na mgonjwa akianza kuhema usiku hakuna anayejua amweleze nini daktari. Si lazima ukoo mzima uambiwe. Lakini mtu mzima mmoja anayelala nyumba hiyo lazima ajue kila kitu, pamoja na namba ya simu ya hospitali.

Mzazi aliyejifungua huwekewa arobaini: anapikiwa, anafuliwa, hatumwi. Aliyekazwa tumbo anahitaji arobaini kama ile, na nyumba ipangwe hivyo kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Mwili nao upangwe. Upasuaji huu hauondoi unene. Huondoa ngozi na kukaza misuli. Anayetaka kupungua apungue kwanza, na uzito wake utulie kwa miezi sita au zaidi, kwa sababu ngozi iliyokatwa leo italegea tena akipungua kilo nyingine kumi na tano. Anayetarajia kuzaa tena angoje amalize uzazi. Mimba baada ya upasuaji si hatari ya kutisha, ila huivuta upya misuli ile ile.

Kuhusu tumbaku nitasema kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo huharibu kazi nzuri ya daktari. Ngozi ya tumbo ikishabanduliwa, mishipa midogo iliyokuwa ikipanda kutoka kwenye misuli kuilisha inakuwa imekatwa. Inabaki kulishwa na damu inayotoka ubavuni na juu, na damu hiyo lazima isafiri hadi ukingo wa chini kabisa, katikati, mahali mshono ulipovutwa zaidi. Nikotini huibana mishipa. Kwa mvutaji, damu haifiki pale: ngozi hugeuka ya zambarau, kisha nyeusi, kisha hufa na kuacha kidonda kinachochukua miezi kupona. Ndiyo maana madaktari wengi hutaka mgonjwa aache angalau wiki nne kabla na wiki nne baada ya upasuaji. Wala isidhaniwe ni sigara peke yake. Shisha ya kwenye harusi, ugoro wa bibi na sigara za kielektroniki kwa kawaida nazo zina nikotini. Kumficha daktari katika hili ni kujidhuru.

Daktari aambiwe pia dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huweza kuongeza kuvuja damu, na vidonge vya kitunguu saumu navyo vimo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, hivyo daktari anaweza kuvisimamisha mapema na kukupa njia nyingine. Usisimamishe mwenyewe dawa ya presha au ya kisukari. Sukari iliyopanda hufanya kidonda kisifunge na kukaribisha usaha. Damu ipimwe wiki kadhaa kabla, si siku ya kulazwa: wanawake wengi wetu wana upungufu wa damu kwa ajili ya hedhi nzito, na vidonge vya madini ya chuma havifanyi kazi kwa siku mbili. Mwenye selimundu amwambie mtaalamu wa usingizi mapema.

Usiku wa kuamkia upasuaji, kanuni ya kawaida ni kutokula kwa saa sita na kutokunywa hata maji kwa saa mbili za mwisho, isipokuwa hospitali iagize vingine. Chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula. Ukiinywa alfajiri kwa bahati mbaya, sema. Heri kuahirishiwa kuliko kutapika na matapishi yakaingia mapafuni ukiwa usingizini.

Unaamka ukiwa umekunjamana, na ndivyo inavyotakiwa. Utalala chali mgongo umeinuliwa kwa mito na mito mingine chini ya magoti, na utatembea umeinama kwa wiki moja au zaidi ili mshono usivutike. Kutoka kitandani usijikunjue kwa tumbo: geuka ubavu, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto na uukandamize tumboni. Mara nyingi mrija mmoja au miwili huwa inatokea karibu na kinena, ikiishia kwenye kikopo laini kinachofyonza majimaji. Kikopo humwagwa, hupimwa na kuandikwa kwenye daftari kila siku. Rangi ikihama kutoka nyekundu kwenda ya waridi, kisha ya manjano, ni dalili njema, na majimaji yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa siku, daktari hufikiria kuutoa mrija. Usiutoe mwenyewe kwa kuona aibu nao chini ya dera.

Tembea. Jioni ile ile au kesho yake, hata kama ni hadi mlangoni na kurudi. Katika upasuaji wa urembo, huu wa tumbo ni miongoni mwa aina zinazoongoza kwa damu kuganda miguuni, na bonge likipanda mapafuni linaua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla na kifua kikichoma, hilo si jambo la kungoja asubuhi.

Kuhusu nguo ya kubana, ambayo huvaliwa kwa wiki sita hivi, sikubaliani na wanaoibadilisha kwa mkaja wa kanga. Mkaja hubana mahali fundo lilipo na kulegea kwingine, na fundo likikaa juu ya mshono huzuia damu ile ile tuliyoizungumzia. Hatari zaidi ni kukandwa. Shangazi anakuja na beseni la maji ya moto na taulo, kama alivyomfanyia mzazi. Lakini ngozi ya chini ya kitovu imekufa ganzi, na huweza kubaki hivyo kwa miezi mingi. Itaungua na mgonjwa asisikie kitu. Shangazi azuiwe, kwa heshima lakini kwa nguvu.

Halafu kuna homa. Kwetu homa ikipanda mtu hukimbilia duka la dawa, akameza dawa mseto ya malaria. Baada ya upasuaji, homa inaweza kuwa usaha chini ya ngozi au tatizo la mapafu. Pima malaria, ndiyo, lakini rudi kwa aliyekupasua siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo wanaopasuliwa mbali na nyumbani hupata shida. Anayekwenda Istanbul au India apange kubaki huko mpaka daktari amruhusu kusafiri, maana kukaa kwenye ndege saa nyingi huongeza hatari ya damu kuganda, na arudi na ripoti ya maandishi ya alichofanyiwa. Anayebaki hapa akague usajili wa daktari kwenye Baraza la Madaktari, aulize pia kama pana mtaalamu wa usingizi na chumba cha wagonjwa mahututi. Mwaka 2024 wasimamizi wa afya nchini Kenya walifunga kliniki moja ya urembo jijini Nairobi baada ya mteja kufariki kufuatia upasuaji wa kuondoa mafuta.

Wiki ijayo tutaangalia kovu, ambalo huchukua mwaka au mwaka na nusu kukomaa, na keloidi zinazotusumbua sisi wenye ngozi nyeusi.