Usitupe Kanda na DVD Zako Kabla ya Kuzikagua

Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya mapigano kwa fedha kidogo sana, akiihariri kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Filamu hiyo, Who Killed Captain Alex?, baadaye ilisambaa duniani kupitia YouTube na kumpatia jina yeye na mtaa wake. Lakini kompyuta ile haikuwa na nafasi ya kutosha, na ili apate pa kufanyia kazi iliyofuata, picha za awali zilifutwa. Toleo tulilonalo leo limetokana na DVD, tena lenye sauti ya VJ Emmie anayesimulia na kuchombeza juu ya picha. Toleo lisilo na sauti hiyo halipo tena.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu swali ninaloulizwa mara nyingi, kama kuna haja ya kuendelea kuweka kanda, VCD na DVD nyumbani ilhali filamu ziko kwenye simu, huulizwa kana kwamba kila filamu ina nakala mama iliyotunzwa vizuri mahali fulani. Kwa filamu za kampuni kubwa za Hollywood hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kwa filamu zetu, mara nyingi nakala mama ni ile iliyo kwenye kabati la mtu.

Tuanze na hao wanaotuuzia filamu kwa mwezi. Jukwaa la mtandaoni hulipia haki ya kuonyesha filamu kwa muda fulani, katika nchi fulani. Muda ukiisha, au hesabu zikionyesha kwamba watazamaji ni wachache, filamu inaondolewa. Mei 2023 kampuni ya Disney iliondoa makumi ya kazi kwenye jukwaa lake, zikiwemo ilizozigharamia yenyewe. Mojawapo ilikuwa tamthilia ya Willow, ambayo ilikuwa haijatimiza hata mwaka tangu ianze kuonyeshwa, na haikuwa imetolewa kwenye diski. Aliyeipenda hakuwa na pa kuipata kihalali. Januari 2024 Amazon nayo ilitangaza kusitisha utengenezaji wa kazi mpya za Afrika kwa ajili ya Prime Video. Ni haki yao kibiashara, ila tunaona tulipo katika hesabu zao.

Hata neno “nunua” lililoandikwa kwenye kitufe halina maana tuliyoizoea dukani. Unachopata ni ruhusa ya kutazama, na ruhusa hiyo inaweza kuondoka pamoja na mkataba wa kampuni na mwenye filamu. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mteja waziwazi kwamba anapewa leseni.

Kisha filamu yenyewe inaweza kubadilishwa bila mtazamaji kuambiwa. Mwaka 2023 watu waligundua kwamba The French Connection, filamu ya 1971 iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora, ilikuwa ikionyeshwa mtandaoni ikiwa imekatwa kipande chenye maneno ya kibaguzi. Maneno yale ni mabaya, na filamu iliyaweka ili tumjue mhusika jinsi alivyo. Waliogundua waligundua kwa sababu diski za zamani zilikuwapo, nao wakalinganisha.

Kuna pia hoja ya ubora wa picha, nayo nitaipitia upesi. Diski ya Blu-ray hubeba GB 25 au 50, kwa hiyo picha haibanwi kama inavyobanwa ili ipite kwenye intaneti. Mwenye runinga kubwa ataona tofauti hasa kwenye matukio ya gizani. Lakini makabati mengi ya kwetu hayana Blu-ray. Yana VCD, ambazo picha yake ni nukta 352 kwa 288, takribani robo ya picha ya DVD. Hoja yenye uzito zaidi hapa kwetu ni bando. Netflix wenyewe wanakadiria kwamba picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, hivyo filamu ya saa mbili inaweza kumaliza GB 6 kila unapoitazama. DVD ya GB 4.7 ukishainunua, gharama iliyobaki ni umeme.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Filamu za Kiswahili zilizoingia majumbani kwetu tangu mwanzo wa miaka ya 2000 zilizaliwa kwenye video. Nsyuka ya Mussa Banzi na Girlfriend ya George Tyson, zote za mwaka 2003, zilifungua njia. Wakafuata kina Steven Kanumba, aliyeunganisha Dar na Nigeria kwa Dar 2 Lagos, na mzee wetu King Majuto aliyetuchekesha hadi alipofariki mwaka 2018. Nyingi kati ya kazi hizi hazikupita kwenye kumbi kubwa za sinema. Zilitoka Kariakoo zikiwa VCD na DVD, zikabebwa na machinga, zikaonyeshwa kwenye vibanda umiza na sebuleni. Filamu moja ilikatwa Sehemu ya Kwanza na ya Pili, kwa sababu VCD moja hubeba dakika zipatazo 74 tu, na kwa sababu sehemu mbili huuzwa mara mbili.

Majukwaa makubwa hayatazitafuta, nami siyalaumu sana. Yanataka picha safi, na hizi nyingi zilipigwa kwa kamera ndogo za wakati ule. Yanataka hati za haki, na hapa pana mtego: waandaaji wengi waliuza “masta” kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, makaratasi yenyewe yakiwa haba. Muziki uliotumika mara nyingi haukuombewa ruhusa. Mwanasheria wa kampuni ya nje akifungua faili la namna hiyo, atalifunga saa hiyo hiyo.

Utasema ziko YouTube. Baadhi zipo, na ni jambo jema. Lakini angalia vizuri ulichopata: picha imevutwa ikapanuka, nembo ya mtu imebandikwa pembeni, wimbo umezimwa kwa sababu ya madai ya hakimiliki, Sehemu ya Pili haionekani. Chaneli ikifungwa, vyote vinaondoka siku moja.

Kuna kundi jingine ambalo haliwezi kabisa kuwekwa mtandaoni kihalali, nalo naliona kuwa la thamani kubwa: filamu za Hollywood, za Kihindi na za Kinigeria zilizosimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu na DJ Mark, au DJ Afro kwa upande wa Kenya. Picha si yao, na nakala nyingi zilikuwa za wizi, hilo halifichiki. Lakini sauti ni yao. Mtu anachukua hadithi ya watu wa mbali, anawapa wahusika majina ya mtaani, anaeleza ndoa na Ulaya na polisi kwa namna ambayo bibi yangu asiyejua Kiingereza aliifuata hadi mwisho. Huo ni usimulizi wa Kiswahili cha mjini wa enzi zake, uliorekodiwa dakika kwa dakika, na mtafiti wa lugha wa mwaka 2060 atautafuta kwa udi na uvumba. Filamu yenyewe ataipata popote. Sauti ya Lufufu ataipata kwenye diski ya mtu.

Hali ni hiyo hiyo kwa yaliyorekodiwa kutoka runingani. Waliowahi kuweka kanda tupu kwenye deki wakarekodi michezo ya kundi la Kaole kutoka ITV ya Tanzania, au Vitimbi na Vioja Mahakamani kutoka KBC ya Kenya, hawakujiona wahifadhi. Huenda vituo vina nakala, huenda vilirekodi kitu kingine juu ya kanda zile zile, kama televisheni nyingi duniani zilivyofanya. BBC ya Uingereza ilifuta kanda nyingi za tamthilia ya Doctor Who miaka ya 1960 na 1970, na mwaka 2013 vipindi kadhaa vilivyodhaniwa vimepotea vilitangazwa kuwa vimepatikana Jos, Nigeria.

Wala asikudanganye mtu kwamba mkusanyaji binafsi hana mchango. Metropolis, filamu maarufu ya Fritz Lang ya mwaka 1927, ilikatwa vibaya mara baada ya kuonyeshwa Berlin, na kwa miaka 80 Wajerumani hawakuwa na vipande vilivyoondolewa. Vilipatikana mwaka 2008 kwenye jumba la makumbusho ya filamu la Buenos Aires, katika nakala iliyotokana na mkusanyiko wa mkosoaji mmoja wa filamu wa Argentina. Nakala ilikuwa imejaa michirizi. Ikatumika hivyo hivyo, kwa kuwa nyingine haikuwepo.

Kwa hiyo jibu langu si kwamba uweke kila kitu. DVD ya filamu kubwa ya Marekani yenye sauti yake ya asili, isiyo na nyongeza, ambayo maktaba na studio za huko zina nakala zake bora kuliko yako, unaweza kuigawa bila kosa lolote. Kipimo ninachokitumia ni kimoja: nikiitupa hii, je, ipo pengine? Filamu ya Kiswahili ya VCD, filamu iliyosimuliwa, kipindi cha runinga, kanda ya taarabu ya harusini iliyotoka Unguja kwenda kwa ndugu wa Muscat, hizo zibaki.

Kubaki nako kuna kazi yake. Plastiki na sumaku havidumu milele, hasa pwani. Mwongozo unaofuatwa na wahifadhi wengi unashauri diski zikae kwenye nyuzi 4 hadi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja hupita viwango hivyo karibu mwaka mzima. Hatuna vyumba vya baridi, ila tunaweza kupunguza madhara. Diski isimame wima ndani ya kasha lake, isilale chini ya nyingine, isikae kwenye mfuko wa nailoni unaofungia jasho, isipigwe na jua la dirishani. Usibandike stika. Ukitaka kuifuta, tumia kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Na kwenye CD na VCD, uchunge zaidi upande wa maandishi: tabaka la alumini linaloakisi mwanga liko chini tu ya rangi ya juu, na mkwaruzo wa upande huo hautibiki. DVD zimepona hapo kwa kuwa tabaka lake liko katikati ya plastiki mbili. Zile za kuchoma ndizo dhaifu kuliko zote, maana taarifa imeandikwa kwenye wino unaochuja.

Kanda za VHS zina haraka zaidi. Zirudishwe mwanzo kabla ya kuwekwa, zisimame wima, zikae mbali na spika. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu; usiitie kanda hiyo kwenye deki, utachafua kichwa na kuambukiza kanda zote zitakazofuata. Mpelekee fundi anayejua kusafisha. Hata kanda ikiwa nzima, mashine ndiyo inayotuishia: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha walitoa tahadhari mwaka 2019 kwamba wahifadhi wengi wanauona mwaka 2025 kuwa ukomo wa kuhamisha kanda za sumaku kwa urahisi. Mwaka huo umeshafika.

Basi nakili. Diski inyonywe nzima jinsi ilivyo, isibanwe kwanza ili iwe ndogo. Kuwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Usitegemee flashi peke yake, na diski ngumu iwashwe kila baada ya miezi kadhaa. Piga picha ya kava mbele na nyuma, kwani majina ya waigizaji, mwandishi na msambazaji mara nyingi hayapo popote ila pale. Nakala hizo ni za kuhifadhi. Kuziuza ni kumwibia msanii mara ya pili.

Kwa wenye mamlaka nina ombi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya Tanzania ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa filamu kukaguliwa kabla ya kuonyeshwa hadharani. Kila nakala inayofikishwa kwa mkaguzi itunzwe, iorodheshwe, na orodha hiyo ifunguliwe kwa wananchi. Wasambazaji wa Kariakoo wenye mabohari ya masta nao waitwe mezani sasa, wangali hai wanaokumbuka nani aliuza nini kwa nani.

Nawe msomaji, kabla hujampa mnunuzi wa plastiki lile boksi la chini ya kitanda, toa kila kava, andika jina la filamu, mwaka, na lugha ya sauti yake, kisha itafute mtandaoni. Ile usiyoiona ndiyo ya kunakili kwanza.