Je, Wajua? Mawakala wa Ajira, Kutoka Undali Hadi Tokyo

Wenela ilikuwa na ndege zake
Wenela, iliyoanzishwa mwaka 1900 kuandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ilifika mahali ikamiliki ndege! Wachimbaji walipaa kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) hadi Francistown, Botswana, wakamalizia kwa treni hadi Johannesburg. Vijana wa kusini-magharibi mwa Tanganyika, Wanyakyusa na Wandali wakiwamo (Undali ndiko Ileje ya leo, mkoani Songwe), nao waliifuata dhahabu hiyo. Faida ilionekana: sehemu ya mshahara iliwekwa hadi mtu arudi, akafika kwao na fedha za kununua ng'ombe wa mahari. Hasara ilijificha kifuani, maana vumbi la mwamba liliharibu mapafu. Baada ya Uhuru, serikali yetu ikaufunga mlango huo, kwa kuupinga ubaguzi wa rangi.

Mafuta yasiyofaa yalisimamisha ajira za maelfu
Tarehe 4 Aprili 1974, ndege ya Wenela yenye injini za pistoni ilijazwa mafuta yaliyochanganyika na ya ndege za jeti. Ikaanguka karibu na Francistown na kuua watu 78, wengi wao wachimbaji waliokuwa wakirudi Malawi, ng'ambo tu ya Mto Songwe. Rais Banda wa Malawi akasitisha uandikishaji.

Japani iliwahi kupiga marufuku biashara ya kukodisha wafanyakazi
Sheria ya 1947 iliikataza, ili kuwaondoa wanyapara waliokula jasho la vibarua. Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1985, kwa kazi chache zilizotajwa.

Tokyo, mtu mmoja akipata kazi, wakala hulamba mishahara ya miezi minne
Dalali wa nyumba Tunduma huridhika na kodi ya mwezi mmoja. Wakala wa Tokyo humdai mwajiri takribani theluthi ya mshahara wa mwaka, ila mwajiriwa akiacha kazi mapema, sehemu ya fedha hurudishwa. Ndiyo maana ofisi hizo zina bonasi nono, na pia malengo ya kila mwezi na simu za usiku, kwani watafuta kazi hupatikana wakishatoka makazini.

Anayetafuta kazi hapaswi kulipa
Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unataka wakala asimtoze mfanyakazi ada. Kijana wa Tunduma au Vwawa, ukiombwa "hela ya fomu" ya kazi ya ng'ambo, ulizia kwanza TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, kama wakala huyo ana leseni.