Seva inajibu lakini video hazifunguki: angalia kasi na dupleksi kabla ya kununua bando

Katika vituo vingi vya kompyuta kwenye makazi ya wakimbizi na vijiji vinavyoyazunguka, masomo hayatoki kwenye intaneti. Yanatoka kwenye kompyuta moja iliyowekwa kabatini au chini ya meza ya mwalimu, nayo huitwa seva. Ndani yake kuna programu kama Kolibri, ambayo shirika la Learning Equality liliitengeneza ili watu wasome hata pasipo na intaneti. Video, vitabu na mazoezi vyote vimo humo. Tableti na kompyuta za darasani huvichukua kwa waya unaopitia swichi, au kwa Wi-Fi ambayo nayo imeunganishwa na seva kwa waya.

Kwa hiyo video iliyo ndani ya seva ikikataa kufunguka, kosa si la bando. Hata hivyo bando ndilo hulaumiwa kwanza. Watu huchangishwa pesa ili kununua kubwa zaidi, kamati huandika barua ya kuomba seva mpya, na siku ya pili video bado inazunguka tu. Mwanafunzi aliyetembea saa nzima kuja kituoni akikuta hali hiyo mara tatu, mara ya nne haji.

Makala hii ni yako wewe unayeshika funguo za chumba hicho, uwe mwalimu, kijana wa kujitolea, mjumbe wa kamati au fundi kutoka kijiji jirani. Inahusu mpangilio mmoja mdogo wa kadi ya mtandao ya seva, yaani kifaa kinachopokea waya wa mtandao. Kuukagua hakugharimu chochote na huchukua dakika chache.

Dalili zake ni zipi?

Ugonjwa huu una tabia ya kujificha. Ukituma amri ya ping kutoka kompyuta ya darasani, seva inajibu upesi. Ukurasa wa kwanza wa Kolibri unafunguka. Mtu mmoja akifungua somo la maandishi, linakuja. Lakini darasa zima likifungua video, kila kitu kinasimama. Darasa likitoka, fundi anajaribu peke yake na kusema: "Mbona inafanya kazi?"

Jambo lingine la kuangalia ni tofauti ya pande mbili. Nakili faili kubwa kutoka seva kwenda kompyuta ya mezani, kisha inakili kurudi. Kama upande mmoja ni mwepesi na mwingine unajikokota, shuku dupleksi kabla ya kushuku kitu kingine.

Dupleksi ni nini?

Fikiria redio ya mkononi ya walinzi. Mmoja akibonyeza kitufe na kuzungumza, mwingine lazima asikilize, amalize, ndipo ajibu. Hiyo ni nusu dupleksi. Simu ni tofauti, kwa sababu nyote wawili mnaweza kuzungumza na kusikia kwa wakati mmoja. Hiyo ni dupleksi kamili. Waya wa mtandao unaweza kutumika kwa namna yoyote kati ya hizo mbili, mradi vifaa vilivyo kwenye ncha zake, seva upande huu na swichi upande ule, vifuate namna moja.

Kasi ni jambo la pili. Kadi nyingi za mtandao huweza megabiti 10, 100 au 1000 kwa sekunde. Kasi zikitofautiana, kwa kawaida waya haushiki kabisa, na kosa linaonekana mara moja. Dupleksi zikitofautiana, waya unashika, taa zinawaka, na hapo ndipo shida inapoanza. Upande wa dupleksi kamili unatuma wakati wowote unaotaka. Upande wa nusu dupleksi, ukisikia mwenzake anatuma wakati nao unatuma, unadhani kumetokea mgongano. Unakatiza ujumbe wake katikati, unasubiri, unaanza upya. Mwenzake anapokea vipande vilivyokatika na kuvitupa. Ping hupita kwa sababu ni ndogo na hutumwa mojamoja, lakini video ya darasa zima haipiti.

Hasara yake inahesabika. Video ya megabaiti 60 ni megabiti 480. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, mtu mmoja huipata kwa takriban sekunde 5. Ikiwa migongano imeiangusha kasi hadi megabiti 1, ambalo si jambo la ajabu, video hiyo hiyo itachukua dakika 8. Kumbuka hapo ni mtu mmoja tu.

Pande mbili hupishanaje?

Vifaa vya mtandao vina uwezo wa kupatana vyenyewe. Waya ukichomekwa, kila upande hutangaza kasi na dupleksi unazoweza, kisha vyote viwili huchagua ile bora wanayoiweza wote. Hiyo ndiyo hali ya otomatiki, na iliingia katika kanuni za mtandao wa waya mwaka 1995, pamoja na kasi ya megabiti 100. Vifaa vya miaka ile ya mwanzo mara nyingi havikupatana vizuri, kwa hiyo mafundi walizoea kupanga kwa mkono: 100, dupleksi kamili, basi. Vifaa vile vimeshakwenda, ila ushauri umebaki. Bado utamkuta mtu anayekuambia kwa nia njema kwamba seva "ya kweli" lazima ipangwe kwa mkono ili iwe na nguvu.

Tatizo ni kwamba ukiipanga seva kwa mkono, kwa kawaida inaacha kutangaza. Swichi iliyo kwenye otomatiki inasikiliza, haisikii tangazo lolote. Inaweza kuitambua kasi kutokana na mawimbi yaliyo kwenye waya, lakini dupleksi haitambuliki kwa njia hiyo, na kanuni inaiagiza ichukue nusu. Seva inabaki kwenye kamili, swichi kwenye nusu. Tayari mmeshapishana.

Zitazame sasa swichi tulizonazo vituoni. Nyingi ni zile ndogo za tundu 5 au 8 zinazouzwa dukani, zisizo na ukurasa wowote wa mipangilio. Hizo huwa kwenye otomatiki daima na huwezi kuzibadilisha. Maana yake, kwenye kituo chenye swichi ya namna hiyo, kuipanga seva kwa mkono kuwa 100 na dupleksi kamili ni kuiharibu. Ukiuliza maoni yangu, ningeandika sentensi hiyo kwa kalamu nene juu ya kabati la seva.

Jinsi ya kukagua seva ya Linux

Kaa mbele ya seva yenyewe, yenye skrini na kibodi, na usiingie kwa mbali. Ukikosea ukiwa mbali, utajifungia nje. Fanya hivyo baada ya darasa kutoka, huku betri za sola zikiwa bado na chaji. Anza kwa kutafuta jina la kadi:

ip link

Jina linaweza kuwa eth0, enp3s0 au jingine linalofanana na hayo. Hapa nitatumia enp3s0, wewe weka la kwako. Kisha:

sudo ethtool enp3s0

Soma mistari mitatu: Speed, Duplex na Auto-negotiation. Ukiona 1000Mb/s, Full na on, upande huu ni mzima. Ukiona 100Mb/s, Half na on, swichi au kifaa kilicho upande wa pili huenda kimepangwa kwa mkono. Hali inayodanganya wengi ni hii: 100Mb/s, Full na off. Neno Full linapendeza macho, lakini off ndilo la kuangalia. Seva imepangwa kwa mkono, na kama swichi ni ile ndogo ya dukani, yenyewe iko kwenye nusu.

Kabla ya kubadilisha kitu, tazama hesabu ya makosa:

ip -s link show enp3s0

Angalia safu ya errors upande wa RX na safu ya collsns upande wa TX. Andika namba hizo kwenye daftari, waombe watu wachache wafungue video kwa dakika mbili, kisha tazama tena. Makosa machache ya zamani si kitu. Makosa yanayopanda huku ukiyatazama ndiyo ushahidi. Kwenye upande wa kamili yanayopanda ni makosa ya kupokea, na kwenye upande wa nusu ni migongano.

Kuirudisha seva kwenye otomatiki ni amri moja:

sudo ethtool -s enp3s0 autoneg on

Mtandao utakatika kwa sekunde chache na kurudi. Soma ethtool tena, jaribu video tena. Amri hii haidumu, na seva ikizimwa na kuwashwa inasahau. Kwa majaribio hilo ni jema, kwani ukiharibu unawasha upya tu. Lakini kama mpangilio mbaya umeandikwa mahali, utarudi asubuhi. Kwenye Debian na mifumo ya aina yake, fungua faili /etc/network/interfaces utafute mistari inayoanza na link-speed, link-duplex au ethernet-autoneg. Weka alama ya # mwanzoni mwa kila mstari huo badala ya kuufuta, ili anayekuja baada yako aone kilichokuwepo.

Kwenye Windows

Fungua Device Manager, kisha Network adapters, bonyeza mara mbili jina la kadi ya waya, nenda kwenye kichupo cha Advanced na utafute Speed & Duplex. Chagua Auto Negotiation. Maneno hutofautiana kidogo kulingana na aina ya kadi, lakini neno Auto huwemo. Mpangilio huu unadumu hata seva ikizimwa.

Kama ni otomatiki na bado ni polepole

Hapo ukague waya. Kasi ya 100 hutumia nyuzi 4 kati ya 8 zilizo ndani ya waya, nazo ni zile za pini ya 1, 2, 3 na 6. Kasi ya 1000 hutumia zote 8. Panya akikata uzi mmoja kati ya zile nne nyingine, au mlango ukiubana waya kila siku, seva inaweza kushuka hadi 100, au ikawa inashika na kuachia. Pia urefu wa waya kati ya vifaa viwili usizidi mita 100. Ukivuta waya kutoka ofisi hadi darasa la mbali, pima kwa hatua kabla ya kulaumu kadi. Njia rahisi ya kujua ni kuleta waya mwingine mfupi ulio mzima na kuunganisha seva na swichi zikiwa juu ya meza moja. Kasi ikipanda, umempata mkosaji.

Ila usitafute 1000 mahali isipokuwepo. Raspberry Pi 3 Model B, kompyuta ndogo inayotumika kama seva katika baadhi ya vituo, tundu lake la mtandao haliendi zaidi ya 100. Kwa darasa la watu 20 hiyo ni megabiti 5 kwa kila mmoja, inayotosha kwa video za kawaida za masomo.

Wakati mwingine waya ni mbovu na hakuna wa kuubadilisha mwezi huu. Inashika 1000, inaachia, inashika tena. Hapo kuna sababu ya kweli ya kushusha kasi hadi 100, lakini usizime otomatiki. Iambie seva iendelee kutangaza, ila itangaze 100 ya dupleksi kamili peke yake:

sudo ethtool -s enp3s0 autoneg on advertise 0x008

Swichi itasikia tangazo hilo na kukubali, na pande zote mbili zitakuwa kwenye kamili. Nayo husahaulika seva ikizimwa, kwa hiyo utairudia kila asubuhi hadi waya mpya ufike.

Wakati gani upange kwa mkono?

Pale tu upande wa pili nao umepangwa kwa mkono na huna ruhusa ya kuubadilisha, kwa mfano kituo kinapounganishwa na swichi kubwa ya ofisi nyingine. Muulize msimamizi wake thamani kamili alizoweka, nawe uweke hizo hizo, kasi na dupleksi. Kwa 100 na dupleksi kamili, amri ni:

sudo ethtool -s enp3s0 speed 100 duplex full autoneg off

Kwa kasi ya 1000 kwenye waya wa shaba usijaribu hivyo, kwa sababu kasi hiyo inahitaji kupatana ili ifanye kazi.

Kama seva ni mali ya shirika au shule na hukukabidhiwa nenosiri lake, usitafute njia ya kuingia. Andika kwenye karatasi tarehe, saa, idadi ya wanafunzi waliokuwapo, muda video moja iliochukua kufunguka, na aina ya swichi iliyopo. Ombea wafanyakazi wa kituo wakuoneshe majibu ya ethtool, au wakutolee nakala. Karatasi hiyo ikifika kwa fundi pamoja na ombi, atajua aanzie wapi hata kabla hajapanda pikipiki kuja kwenu.