Usahihishaji wa Kitarakilishi na Mipaka Yake: Mfano wa Mazoezi ya Nadharia ya Otomata

Utangulizi

Wazo la kuiachia tarakilishi kazi ya kusahihisha si geni. Mnamo 1960, Jack Hollingsworth wa Rensselaer Polytechnic Institute nchini Marekani alichapisha maelezo ya programu iliyosahihisha kazi za wanafunzi zilizotobolewa kwenye kadi. Tangu hapo usahihishaji wa aina hii umeenea, hasa pale ambapo mhadhiri mmoja hufundisha mamia ya wanafunzi. Makala haya yanaeleza jinsi kisahihishi cha aina hiyo kinavyoundwa kwa mazoezi ya nadharia ya tarakilishi, yaani taaluma inayochunguza lugha, sarufi na mashine kwa misingi ya hisabati. Hoja kuu ni kwamba kabla ya kukiunda, sharti ibainishwe ni maswali yapi ambayo mashine ina uwezo wa kuyaamua. Pasipo kufanya hivyo, mwanafunzi huweza kuadhibiwa kwa jibu sahihi au kutuzwa kwa jibu lenye kosa.

Suala hili linamhusu mwanaisimu pia. Noam Chomsky, ambaye wanafunzi wa sarufi zalishi wanamfahamu vyema, aliweka msingi mmojawapo wa taaluma hii mnamo 1956 alipolinganisha aina za sarufi kwa uwezo wake wa kuzalisha tungo. Mnamo 1983, Kimmo Koskenniemi wa Ufini alitumia mashine za aina ya otomata kueleza mofolojia, na mnamo 1992 Arvi Hurskainen akachapisha maelezo ya jinsi utaratibu huo unavyoweza kuchanganua maneno ya Kiswahili. Kwa hivyo, otomata si kitu kilicho mbali na darasa la isimu.

Swali na Majibu Yake

Otomata ni mashine ya kinadharia yenye idadi ya hali iliyo na kikomo. Husoma herufi moja baada ya nyingine, na kila herufi huielekeza kwenye hali fulani kwa mshale. Mfuatano wa herufi ukimalizika mashine ikiwa katika hali ya kukubali, mfuatano huo hukubaliwa. La sivyo hukataliwa.

Chukua K iwakilishe konsonanti na I iwakilishe irabu. Mwanafunzi anatakiwa kuunda otomata inayokubali mifuatano yote inayoishia kwa irabu, kama yalivyo maneno mengi ya Kiswahili. Jibu la mhadhiri lina hali mbili: hali ya mwanzo, M, na hali ya kukubali, N. Kutoka hali yoyote, I huelekeza kwenye N na K huelekeza kwenye M.

Mwanafunzi wa kwanza anachora hali tatu, kwa kuwa ametenga hali ya kabla ya kusoma chochote na ile ya baada ya kusoma konsonanti. Mchoro wake haufanani na wa mhadhiri, lakini unakubali mifuatano ile ile. Kisahihishi kinacholinganisha michoro kitamnyima alama anazostahili. Mwamba ngoma huvutia kwake. Jibu la mhadhiri lisigeuzwe kuwa umbo la pekee linaloruhusiwa.

Mwanafunzi wa pili ana hali mbili, ila mshale wa I kutoka N ameurudisha M. Iwapo kisahihishi kitajaribu maneno kama ‘baba’, ‘meza’ na ‘kalamu’ pekee, yote yatakubaliwa na mwanafunzi atapata alama zote. Hata hivyo, neno ‘taa’ litakataliwa ilhali linaishia kwa irabu. Kujaribu mifano michache hakutoshi.

Ulinganishaji wa Majibu

Suluhisho linatokana na nadharia yenyewe. Otomata mbili huendeshwa sambamba kwa mfuatano mmoja, na kila hatua hutazamwa kama jozi ya hali. Otomata yenye hali mbili na yenye hali tatu haziwezi kuunda zaidi ya jozi sita. Kwa hivyo uchunguzi hufika mwisho. Ikipatikana jozi ambapo moja inakubali na nyingine inakataa, majibu hayo yana tofauti. Isipopatikana, yanalingana kwa mifuatano yote, hata kama idadi ya mifuatano hiyo haina kikomo.

Uchunguzi ukianza na mifuatano mifupi, tofauti ya kwanza kupatikana ndiyo fupi kuliko zote. Kwa mwanafunzi wa pili, mfuatano huo ni II, kama katika neno ‘ua’. Kumwonyesha mwanafunzi mfuatano huu kuna manufaa kuliko kumpa sifuri tupu, kwa sababu anaweza kuufuata mshale kwa mshale hadi alione kosa.

Ugawaji wa Alama

Kujua kwamba jibu lina kosa si sawa na kujua uzito wa kosa hilo. Mnamo 2013, Rajeev Alur, Loris D'Antoni na wenzao walichapisha utafiti uliopendekeza njia tatu za kupima makosa ya otomata. Ya kwanza ni kuchunguza iwapo mwanafunzi alijibu swali jingine, kwa mfano mifuatano ‘inayoanza’ badala ya ‘inayoishia’ kwa irabu. Ya pili ni kupima kiasi cha mifuatano inayohukumiwa visivyo. Ya tatu ni kuhesabu marekebisho yanayohitajika katika mchoro.

Vipimo hivi havikubaliani daima. Kosa la mwanafunzi wa pili hurekebishwa kwa mshale mmoja tu. Lakini kati ya mifuatano 8 yenye herufi nne inayoishia kwa I, jibu lake linakataa 3. Kipimo kimoja kinaliona kosa kuwa dogo, kingine kinaliona kubwa. Uamuzi wa kipi kitumike ni wa mwalimu, na wanafunzi wanastahili kuarifiwa mapema.

Mpaka wa Mashine

Hali hubadilika swali linapohusu sarufi zisizotegemea muktadha. Mnamo 1961, Yehoshua Bar-Hillel, Micha Perles na Eli Shamir walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba maswali mengi kuhusu sarufi hizi hayana utaratibu wa kuyaamua. Miongoni mwayo ni swali la iwapo sarufi mbili zozote huzalisha lugha moja. Kinachowezekana ni kuzalisha mifuatano yote hadi urefu fulani na kuilinganisha. Tofauti ikipatikana, kosa limethibitika. Isipopatikana, usahihi haujathibitika. Ripoti ya haki basi haisemi ‘sahihi’, bali ‘hakuna kosa lililopatikana hadi urefu wa herufi kumi’.

Hali ni hiyo hiyo kwa mashine za Turing. Alan Turing alionyesha mnamo 1936 kwamba hakuna utaratibu wa jumla wa kuamua mwenendo wa mashine hizo katika siku zote za usoni. Kisahihishi hulazimika kuweka kikomo cha hatua, na jibu linalokipita lipelekwe kwa binadamu badala ya kupewa sifuri. Aidha, uthibitisho ulioandikwa kwa nathari huhitaji msomaji anayefuatilia mantiki ya mwandishi wake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kisahihishi cha kitarakilishi kinaweza kuaminiwa kikamilifu katika maswali ya otomata, kwa kuwa ulinganishaji wake una mwisho. Katika sarufi na mashine za Turing, kinafaa kugundua makosa, si kutoa hukumu ya mwisho. Mhadhiri anayekiunda anapaswa kutenga maswali ya aina hizi mbili, kutangaza kipimo cha alama na kuacha nafasi ya rufaa. Mwanafunzi aliyechora hali tatu badala ya mbili hana kosa la kujibu. Anachodai ni msahihishaji anayejua tofauti kati ya umbo la jibu na maana yake.