Daftari Letu ni Sehemu ya Amana

Mwezi wa Shaabani mwaka uliopita, mama mmoja muuzaji wa mabuibui hapa Mombasa alitulipa tumtengenezee video tatu za kutangaza bidhaa zake kabla ya Idi. Makubaliano yalifanyika kwa ujumbe wa sauti, fedha zikaingia kwa M-Pesa, nasi tukazama katika video zetu za mapishi ya Ramadhani. Mbili tulizitoa. Ya tatu tuliikumbuka usiku wa kuamkia Idi, maduka yakifungwa. Yule mama hakutugombeza. Aliuliza tu, "Wanangu, mlinisahau?" Swali hilo lilituuma kuliko lawama.

Tulikuwa tukidhani kwamba kazi ya mtandaoni, inayofanyiwa nyumbani bila msimamizi, haihitaji utaratibu. Kumbe asiye na msimamizi ndiye mwenye haja zaidi nao. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yahimiza madeni yaandikwe. Na kazi iliyolipiwa kabla ya kufanywa, nayo ni deni.

Tulimrudishia theluthi ya fedha zake, tukamwomba radhi, kisha tukanunua daftari. Lina safu nne: jina la mteja, tulichomwahidi, siku ya kukabidhi na kiasi alicholipa. Mapatano ya mdomo huandikwa papo hapo, na mteja hutumiwa maandishi hayo ayathibitishe.

Siku yetu tumeigawa kwa swala. Baada ya Alfajiri, kunapopambazuka na nyumba ingali kimya, tunarekodi jikoni. Baina ya Adhuhuri na Alasiri, watoto wakiwa shuleni, tunahariri. Wakirudi, simu huwekwa kando. Baada ya Isha ni dakika kumi za daftari, basi.

Mipango ya mwaka twaifuata kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa miladi. Mapishi ya futari hurekodiwa Rajabu, ili Ramadhani yenyewe ibaki ya ibada.

Upande wa fedha, tumetenga laini ya M-Pesa ya kazi pekee. Unga, mafuta na bando la intaneti vyote huandikwa. YouTube haitumi malipo mpaka mapato yafike dola 100, hivyo mwezi waweza kupita bila senti, na asiyeweka akiba hukopa. Aidha, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka makato ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali ya mkazi wa Kenya. Tunahifadhi ushahidi wa kila kato, kwani taarifa ya kodi hutakiwa KRA kabla ya Juni 30 kwisha. Na zaka je? Bila hesabu, tutajuaje kwamba mali imefika nisabu na kutimiza mwaka, tuitoe asilimia 2.5 ya wenyewe?

Shaabani hii yule mama alibisha hodi tena. Kabla hajakaa tulilifungua daftari mbele yake, tukaandika kila alichokitaka, naye akasoma mstari kwa mstari. Kisha akatabasamu, akatoa simu yake, akalipa.

Dada zetu mnaotafuta riziki kwa njia hii, daftari ni bei ndogo. Jina jema likipotea, halinunuliki. Mwenyezi Mungu atujaalie uaminifu katika kazi zetu. Amin.