Tumemaliza kusoma, lakini tunasoma?



Kwa Kiswahili chetu, "kusoma" ni neno moja kwa mambo mawili: kwenda masomoni na kufungua kitabu. Ndiyo maana mtu akipata diploma anasema "nimemaliza kusoma", na kweli anamaliza yote mawili! Leo nataka nieleze namna gani hiyo ya pili inaota mizizi kwa mtoto, hata pasipo na maktaba. Nachukua mfano wa kwetu Lulimba.

Nyumbani tulikuwa na vitabu viwili tu: Biblia ya Kiswahili na kitabu cha nyimbo. Masomoni, mwenye kitabu alikuwa mwalimu; sisi tulinakili ubaoni. Lakini kulikuwa na barua. Tangu vita vya 1996, watu wengi wa Fizi walikimbilia Tanzania, wengine wakawa kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Simu ilikuwa bado kufika kwetu. Barua ilivuka ziwa Tanganyika, ikashuka Baraka, kisha ikaletwa na wafanyabiashara. Bibi, mama wa mama yangu, hakujua kusoma. Msomaji wake nilikuwa mimi.

Siku moja macho yalitangulia mdomo: mstari wa nne ulisema mjomba amefariki. Nikauruka, nikasoma salamu tu. Bibi akaniangalia. "Mjukuu wangu, umeruka nini? Rudi hapo." Nikarudi, nikasoma. Alilia, halafu akaniomba nisome tena, mara tatu. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku ile sikuona tena kusoma kama kazi ya kumfurahisha mwalimu.

Kutoka hapo naona mizizi mitatu. Kwanza, kuhitajiwa: mtoto anapenda kusoma akijua kuna mtu anamngojea asome. Pili, lugha: barua zilikuwa kwa Kiswahili, nilizielewa. Wengi wetu hamu ilipotea mwaka wa tatu wa shule ya msingi, masomo yalipogeuka Kifaransa, tukawa tunatamka kwa sauti maneno tusiyoyaelewa. Tatu, kurudia: kitabu kimoja ukikirudia, unaanza kuona kile ulichopita bila kukiona.

Basi kwa nini inakauka? Juu chuo kikuu tunasoma silabusi ili tufaulu, tukishafaulu tunaiuza. Mimi pia, baada ya diploma nilikaa miaka miwili bila kufungua kitabu. Nilirudi nyumbani, bibi macho yameshachoka, akaniambia nimsomee Zaburi. Nikasoma haraka haraka, kama mtu wa mtihani. Akanisimamisha: "Unakimbilia wapi?" Niliona haya kweli.

Kwa hiyo ndugu zangu, likizo hii mpe mdogo wako kazi ya kusoma: akusomee ujumbe wa simu, karatasi ya dawa, hadithi yoyote, kwa lugha anayoielewa. Usimsahihishe kila neno. Muulize: "Halafu ikawaje?"

Mimi jioni nasoma na watoto wawili wa dada yangu. Kitabu ni kimoja, jalada limechanika, na bado wanagombania zamu.